Bi Bandeji na Mbwa Aliyekatazwa Kupona

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi mahali hapa, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule wa tatu kuzaliwa, awasomee maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda kupambwa, hata kwa poda, tumekubaliana yasomwe kama yalivyokuwa, palipo pazuri na pasipo pazuri, na atakayeona tumesema mengi kuliko inavyopasa msibani atuvumilie.

Marehemu, ambaye nusu yenu hamkuwahi kulijua jina lake la nyumbani kwa sababu mji mzima ulimwita Bi Bandeji, alizaliwa tarehe 9 Februari 1961, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda kidogo cha kuchapa, akiwa kifungua mimba kati ya watoto watano wa baba mpanga herufi na mama mshonaji. Mama alizoea kusema kwamba mtoto yule alijifunza kulala katikati ya kelele za mashine, na hivyo hakuna kelele iliyomwamsha isipokuwa ya mnyama aliyeumia. Akiwa na umri wa miaka sita alimfunga kuku aliyevunjika mguu kwa rula ya mama ya kukatia nguo, akaikatalia isitolewe mpaka mfupa ushike, na kwa muda wote huo mama alikata nguo kwa kukisia, wateja wakapelekewa sketi ambazo upande mmoja uliliheshimu goti na upande wa pili ulilichungulia. Kuku alipona, akabaki akichechemea, na hakuchinjwa mpaka alipokufa kwa uzee, maana kila kisu kilipotolewa kabatini mtoto alikwenda kumkalia.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, katika shule iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, na ya sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, katika shule ya bweni ya wasichana, ambako aliongoza darasa katika somo la viumbe na kushika mkia katika uimbaji, jambo ambalo majirani zake wa baadaye, waliomsikia akiwabembeleza mbwa kwa nyimbo, watalithibitisha. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha mifugo, akahitimu tarehe 26 Juni 1981 na cheti cha tabibu msaidizi wa wanyama, na baba, ambaye alitamani awe karani wa benki, aliipokea habari hiyo kwa kusema lisilobudi hutendwa, kisha akamnunulia viatu vya mpira vinavyofika magotini, ambavyo alivivaa kwa miaka kumi na minne.

Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1981 katika ofisi ya mifugo, akachanja, akaogesha ng'ombe, akazalisha mbuzi, akapanda ngazi ya vyeo polepole kama watu wasiojua kusifia wakubwa wanavyopanda, mpaka tarehe 30 Juni 1996 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake, wakapewa kila mmoja barua ya shukrani na saa ya ukutani. Mumewe, ambaye alikuwa fundi saa, aliifungua ile saa siku hiyohiyo, akaikuta mbovu, akaifunga, akasema serikali imempa mke wake kazi nyingine ya kumpa yeye.

Yeye na huyo fundi saa walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, baada ya uchumba wa miaka mitatu ambao shemeji yetu alipenda kuueleza kwa kifupi, kwamba alipelekewa saa ya mkononi iliyoingia dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaisafisha, ikaletwa tena na dawa ileile, akaisafisha, na mara ya tano akaona ni nafuu amwoe mwenyewe aikomeshe hasara nyumbani. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, wa kike, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1989, ambaye leo ni muuguzi, na ndiye huyu aliyekaa hapa mbele. Shemeji yetu alitangulia tarehe 17 Agosti 2011, kwa ugonjwa wa shinikizo la damu, akiwa mezani kwake, na dada hakuwahi kuiondoa ile meza wala kuisogeza.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mlimfahamu. Tarehe 2 Machi 1998 marehemu alianza kazi katika kituo cha wanyama kilichofunguliwa na mwalimu mmoja mstaafu, mjane, ndani ya karakana ya magari aliyoachiwa na mumewe, kituo ambacho kiliwapokea mbwa, paka, na siku nyingine punda, waliogongwa, waliochomwa, waliotupwa, wakatibiwa na kukaa pale wakisubiri familia za kuwachukua. Waliowahi kuingia wanakumbuka lile shimo la kukagulia magari lililogeuzwa kuwa chumba cha wagonjwa wa kuambukiza, kuta zilizonuka oili hata baada ya kupakwa chokaa mara nne, na ile meza ya matibabu, ambayo ilikuwa mlango wa gari la mizigo uliolazwa juu ya mapipa mawili, na juu yake taa ya fundi makenika iliyoning'inia kwa waya. Mbwa waliokuwa wakilamba vidonda alikuwa akiwavisha shingoni ndoo za plastiki zilizokatwa kitako, na wageni waliokuja mara ya kwanza walidhani ni mapambo.

Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, yule mwalimu mstaafu alikuwa mwaminifu kupindukia, na kwa kuogopa fedha za watu zisije zikaliwa, aliweka sheria ambayo hatujaisikia mahali pengine popote, kwamba kila mnyama aliyeumia awe na kopo lake, limebandikwa picha yake, likae kwenye rafu pale langoni, na kinachotiwa katika kopo la mnyama huyu kisimtibu mnyama yule. Kopo likifika kiasi alichotaja daktari wa wanyama, mgonjwa anapelekwa, lisipofika, anasubiri. Ilikuwa sheria safi, na ni sheria hiyo iliyomuua dada yetu, ingawa hati ya hospitali imeandika moyo.

Kwa maana watu hutoa kwa kutazama, na picha si sawa. Mbwa mdogo mwenye macho makubwa aliyekwaruzwa sikio alijaziwa kopo kabla ya saa sita mchana, na jike mzee aliyejaa upele, aliyevunjika nyonga, mwenye jicho moja na hilo moja halina shukrani, alikaa na kopo lililokuwa likilia kwa sarafu tatu mpaka akafa. Marehemu aliwafunga, aliwaosha vidonda kwa maji ya chumvi, aliwatoa funza kwa koleo ya nyusi, lakini mfupa uliosagika hautibiwi kwa maji ya chumvi, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiwazika wasio na sura huku makopo ya wenye sura yakimwagika. Binti yake anakumbuka jinsi mama alivyokuwa akirudi nyumbani, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha anakaa jikoni bila kuwasha taa, na akiulizwa vipi, anajibu kwamba leo kuna mmoja ambaye hakupendeza.

Tarehe 12 Oktoba 2013 aliletwa mbwa mchanga wa rangi ya chai, aliyepitiwa na pikipiki, mguu wa nyuma wa kushoto ukiwa umesagika, sikio moja limesimama na la pili limelala, na uso wa mtu anayeomba radhi kwa kuchukua nafasi. Kopo lake lilijaa siku ileile, likaongezwa la pili, na la pili likajaa. Mguu ulikatwa, kigutu kikapona vizuri, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akikimbia uani kwa miguu mitatu kwa kasi kuliko wenzake wenye minne. Kwa desturi ya kituo, hapo ndipo picha hubanduliwa na mnyama kutangazwa kwamba anatafutiwa nyumba. Lakini mwalimu mstaafu alikuwa amekwisha kufariki, funguo za rafu alikuwa nazo dada, na watu walikuwa wangali wakileta fedha kwa ajili ya yule wa rangi ya chai, wengine kutoka mbali, kwa njia ya simu, na shimoni kulikuwa na paka wawili waliochomwa ambao hakuna aliyewaulizia. Dada aliiacha picha.

Aliiacha wiki moja, kisha nyingine, na fedha za mbwa yule zikawatibu paka, zikamtibu jike kipofu, zikamtibu punda aliyekatwa na waya, na wafanyakazi wa kituo, kwa utani wao, wakamwita mbwa Meneja, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilipa. Na kwa kuwa kopo lilisema anasubiri matibabu, ilibidi asubiri. Jumamosi, siku ya wageni, marehemu alikuwa akichukua bandeji mpya, nyeupe, na kukifunga kigutu kilichopona zamani, na Meneja alilizoea jambo hilo kiasi kwamba akiiona ile bandeji tu alikuwa akija mwenyewe, anageuka, anakaa, anatoa kigutu chake afungwe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na sisi tunawaheshimu wahenga, lakini njia hii ilikuwa na urefu wa miaka minane, na ilipita juu ya wanyama zaidi ya mia tatu, kwa hesabu ya daktari wa wanyama aliye hapa, ambao wangekufa na wakapona.

Wapo waliomtaka. Alikuja tarishi na watoto wake, wakaambiwa bado hajapona. Alikuja mwenye duka la vitambaa, akaambiwa hivyohivyo. Mwaka 2017 alikuja dereva wa lori, mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo, akaja Jumamosi tatu mfululizo, na mara ya tatu alileta ukosi wa ngozi alioununua mwenyewe, akasimama nao langoni, akamwambia dada, kwa adabu, "Mama, mimi sihitaji apone. Nitamchukua hivihivi alivyo." Dada akajibu kwamba daktari hajaruhusu. Yule dereva akautundika ukosi kwenye msumari wa lango, ukae mpaka ruhusa itoke, akaenda zake, na Meneja akamsindikiza kwa ndani ya uzio mpaka uzio ulipokwisha, akabaki amesimama pale.

Meneja alikufa kituoni tarehe 6 Septemba 2021, kwa moyo kuchoka, akiwa amefungwa bandeji. Dada alimzika, akarudi ndani, akayatoa makopo yote kwenye rafu, na katika mkutano uliofuata wa kamati ya kituo alisimama akaeleza kila kitu, tangu wiki ya kwanza, bila kuombwa. Alitazamia kufukuzwa. Binti yake anasema alikuwa amekwenda na mfuko wa kutilia vitu vyake. Mwenyekiti, ambaye ni mhasibu na mtu mwema, alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Bi Bandeji, yaliyopita yamepita. Tutafute mwingine mwenye sura."

Marehemu alikataa. Alisema kwamba kuanzia siku hiyo kungekuwa na kopo moja, lisilo na picha, la wote, na anayetaka kutoa atoe bila kuchagua uso. Lilikuwa jambo la haki, nasi tuliliunga mkono, na matokeo yake mnayajua. Kopo lisilo na picha lilipitwa kama mti wa barabarani. Daktari wa wanyama alitibu kwa mkopo mpaka mwenyewe akaishiwa dawa, wafanyakazi wakapungua, na wale ambao kwa miaka minane uongo wake uliwaponya, ukweli wake sasa uliwaua, mmoja mmoja, juu ya ule mlango wa gari, mikononi mwake. Mdogo wake huyu anayesoma alipomshauri arudishe hata picha moja, alimjibu kwa maneno ambayo familia imeombwa isiyasome yote, lakini mwisho wake ulikuwa huu: "Ukishaomba kwa kidonda, kidonda hakina ruhusa ya kupona. Mimi nimeyaona macho ya Meneja, wewe hukuyaona."

Afya ya marehemu ilianza kudhoofu katikati ya mwaka 2023, akawa anapumzika mara mbili kati ya lango na meza, miguu ikamvimba hata viatu vya mpira vikamkataa, na tarehe 11 Novemba 2023, katika hospitali kuu, madaktari waligundua kwamba vali moja ya moyo wake haifungi, wakaeleza kwamba inabadilishwa kwa upasuaji, kwamba upasuaji huo wanaufanya na wagonjwa wanaishi, na kwamba kinachotakiwa ni fedha, mapema. Tulichanga sisi wadogo zake wanne, binti yake akauza pikipiki aliyokuwa akiendea kazini, wenzake wa zamani wa ofisi ya mifugo, ambao pensheni yao mnaijua, walitoa, na bado hatukufika nusu.

Hapo ndipo binti alipompiga mama yake picha, kitandani, akiwa na mrija wa hewa puani, akaandika maneno machache ya kuomba msaada, akamwonyesha kabla ya kuituma kwenye simu za watu. Marehemu aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Alisema ni picha nzuri. Alisema kwa miaka ishirini alikuwa akitafuta picha kama ile, na kwamba ingejaza kopo kabla ya saa sita. Kisha akamwambia, "Mwanangu, ifute." Tulimsihi. Aliletwa kiongozi wa dini akamsihi, mwenyekiti wa kamati akaja na matunda akamsihi, mdogo wake huyu akamsihi kwa kupiga magoti na baadaye kwa kupiga kelele mpaka akatolewa wodini na mlinzi, na jibu lake kwa wote lilikuwa moja, kwamba anayemjua atamsaidia bila kumwona, na asiyemjua hahitaji kumlipia kwa kuwa anapendeza. Tukapeleka ombi bila picha. Lilisomwa, siku hizi simu huonyesha kwamba limesomwa. Wengi walijibu kwa alama ya mikono miwili iliyounganishwa.

Marehemu alifariki tarehe 22 Machi 2024, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya tatu, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Hakuacha usia. Tunajua kwamba katika historia kama hii watu husubiri kusikia neno la mwisho la marehemu, na tungependa kuwapa, lakini alikuwa amelala, na hakuna alilosema. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili na wadogo wanne. Kituo, kwa taarifa ya kamati, kitafungwa mwisho wa mwezi huu; kuna wanyama kumi na tisa ndani, na sita kati yao wana majeraha, na kamati imetuomba tuwatangazie kwamba anayeweza kumchukua mmoja asisubiri apone.

Familia inatoa shukrani zake kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, ambao walitueleza ukweli tangu siku ya kwanza na hawakutufukuza tulipouliza tena na tena swali lilelile. Kwa daktari wa wanyama, ambaye alimfuata marehemu kila Jumatano kumpa habari za wagonjwa wake na ambaye tunajua alimficha vifo. Kwa majirani waliopika, waliofagia, waliolala sakafuni pamoja nasi. Na kwa wafanyakazi wenzake wawili waliobaki, ambao leo wamekuja kwa zamu ili wanyama wasibaki peke yao.

Shukrani za pekee ziwaendee ninyi nyote mliochangia mazishi haya. Ijumaa ileile, saa nne asubuhi, tulituma tangazo la msiba, na kwa kuwa hapakuwa tena na wa kutukataza, tuliweka picha, ile ya siku binti yake alipohitimu uuguzi, akicheka, amevaa gauni la bluu. Simu ya mweka hazina wa msiba haikunyamaza mpaka jioni. Walitoa waliomjua, walitoa wasiomjua, wakaandika kwamba ana uso wa huruma, na kwamba laiti wangejua. Familia haimlaumu mtu, kwani nasi tu watu, na nasi hutoa hivyohivyo. Kwa michango yenu tumelipia jeneza, magari, mahema na viti mlivyokalia, hatuna deni kwa yeyote, na kiasi kilichobaki, mweka hazina amekihakiki mara mbili jana usiku, kinatosha kulipia ule upasuaji.

Dada yetu, pumzika kwa amani.